Shajara ya usukani wa kigari cha mawe, Raskazone

Mwezi 15, Jumamosi

Bamvua. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, miamba ya Raskazone yote iko nje, imekauka juu na kulowa kwenye mashimo. Kwa kigari cha rimoti cha kipimo cha 1/24 sijaona uwanja mzuri kuliko huu hapa Tanga. Jiwe la matumbawe lenye kimo cha sentimita 10 kwa kigari hiki ni ukuta wa mita 2.4, na uso wake una makali yanayoshika tairi kama msasa.

Nilikwenda na mpwa wangu. Wiki hii nilikuwa nimeyavika magurudumu ya mbele vizito vya shaba ya manjano, ili pua isinyanyuke kwenye mpando. Kupanda, kilipanda vizuri. Kisha gurudumu la mbele kulia likaingia kwenye ufa, mpwa wangu akakata kushoto kulitoa, akashikilia. Nikasikia krrr, kama mtu anayebonyeza maganda ya karanga mkononi. Tangu hapo usukani ukawa unakwenda kushoto peke yake. Kulia unafika nusu kisha unaruka.

"Mjomba, sikulazimisha," aliniambia.

Kweli hakulazimisha. Rimoti haina namna ya kumwambia mtu kwamba gurudumu limebanwa. Kidole kinaagiza, sevo (kile kimota kinachogeuza usukani) inatekeleza, na inaendelea kutekeleza mpaka kitu kimoja kivunjike. Mzee mmoja anayechokoa pweza pale alisimama na mkuki wake akatazama, akauliza kama kigari kimeumia. Nikamwambia kimeteguka mkono. Naanza kuandika leo ili matengenezo haya niyafuate kwa mpango, na mpwa wangu awe na kitu cha kusoma akija kutengeneza cha kwake.

Usiku huohuo

Nimeifungua sevo juu ya sinia jeupe, maana skrubu zake ni nyembamba kama mchele na zikidondoka kwenye mkeka ndiyo kwaheri. Skrubu nne ndefu zinapita kutoka chini hadi juu. Kifuniko kikitoka unaziona gia zimepangana ngazi kwa ngazi: kigia kidogo kwenye mota, kisha gia pacha, kubwa na ndogo zimeungana migongo, hadi ile ya mwisho yenye mhimili unaotokeza nje na kushika mkono wa usukani. Zote ni za plastiki nyeupe. Ya tatu imekosa meno matatu. Nimeyakuta yote matatu yamenasa kwenye grisi, na nimeyaweka kwenye kikopo cha filamu ambacho mpwa wangu anakililia.

Nimemwonyesha kilichomo. Kuna mota ndogo, kuna gia za kuipunguzia mbio na kuiongezea nguvu, kuna potenshometa iliyokaa chini ya mhimili wa mwisho, na kuna sakiti. Risiva, yaani kibao kinachopokea amri za rimoti, hutuma pigo la umeme mara 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 maana yake kaa katikati. Likifupika kuelekea 1, geuka upande huu. Likirefuka kuelekea 2, geuka upande ule. Sakiti husoma potenshometa ili ijue mhimili uko wapi, huulinganisha na pigo, kisha huisukuma mota mpaka viwili hivi vikubaliane. Visipokubaliana, mota haipumziki.

(Naongeza baadaye.) Sentensi hiyo ya mwisho niliisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mtoto, na bado wiki tatu zilipita kabla sijaifanyia kazi.

Mwezi 20, Alhamisi

Nimepokea mzigo stendi ya Kange, umekuja na basi kutoka Dar. Sevo ya umbo lilelile la gramu 9, ila gia zake ni za chuma na kwenye mizani inakaribia gramu 13. Sevo za aina hii hazisumbui kupatikana Dar kwa sababu wanafunzi wanazitumia kwenye roboti za mafunzo. Karatasi yake inasema kilo 1.8 kwa sentimita kwenye volti 4.8, na 2.2 kwenye volti 6. Maana yake, ukifunga mzigo sentimita moja kutoka katikati ya mhimili, ndio uzito inaoweza kuukabili kabla haijakwama. Ukifunga mbali zaidi nguvu inapungua, ukifunga karibu inaongezeka. Namba hii nitairudia.

Kufunga kulichukua jioni nzima. Mkono wa zamani haukuingia: idadi ya meno ya mhimili si ileile, na mkono ukilazimishwa utakaa siku mbili kisha utateleza. Nimetumia mkono uliokuja na sevo, nimeukata upande mmoja na kuusawazisha kwa msasa. Masikio ya kufungia nayo yako juu kidogo kuliko ya zamani, nimeweka vishikizo viwili vya plastiki ya kadi ya simu vikakaa sawa.

Plagi ya risiva ni ya meno madogo, ya sevo ni kubwa. Nimekata na kulehemu: kahawia kwa hasi, nyekundu kwa chanya, chungwa kwa waya wa amri. Rangi nilizithibitisha kwa mita ya umeme kwanza, maana upande wa risiva waya zote tatu zilikuwa nyeusi.

Jambo moja ambalo mpwa wangu aliliona mapema kuliko mimi: alitaka kufunga mkono kabla ya kuwasha. Nikamzuia, akaniuliza sababu, na sababu ni nzuri. Sevo ikitoka dukani mhimili wake uko popote. Washa kigari na rimoti, rudisha kitufe cha kusawazisha usukani kwenye sifuri, acha sevo itafute katikati yake yenyewe, ndipo uufunge mkono ukiwa wima kwa tairodi, ile fimbo inayounganisha mkono wa sevo na magurudumu. Ukifunga kwanza na kuwasha baadaye, unaweza kukuta upande mmoja umebakiwa na nusu ya safari.

Mezani usukani unakwenda kulia na kushoto bila kelele.

Mwezi 22, Jumamosi

Maji mafu, mwamba haukauki, kwa hiyo tumejaribu uani kwa mawe ya matumbawe yaliyobaki tulipochimba shimo la taka. Kigari kimepanda jiwe la kwanza. Kwenye la pili, gurudumu lilipobanwa na mpwa wangu akakata kona, taa zilizimika, kigari kikasimama, taa zikawaka tena baada ya kama sekunde mbili. Tukarudia. Kila usukani ukibanwa, kigari kinazima.

Nikaamua kwamba sevo ni mbovu. Nikaagiza nyingine ya dijitali, yenye nguvu zaidi. Hapa nilikosea. Nilikuwa na mita mezani na sikuishika.

Mwezi 27, Alhamisi

Sevo ya dijitali imefika na imefungwa. Kigari kinazima haraka zaidi. Sasa hata kukata kona kikiwa kimesimama kwenye saruji kinatosha kukizima.

Mwezi 29, Jumamosi

Leo nimemfuata jirani yangu, fundi simu wa Ngamiani, na kigari mkononi. Hakugusa sevo kabisa. Alichukua mita yake ya zamani ya mshale, akaniambia, "Kaka, hii ya namba ni nzuri, lakini volti zikianguka kwa kufumba na kufumbua haizioni. Mshale utauona."

Akaweka ncha kwenye chanya na hasi za sevo. Usukani ukiwa huru, volti 5 na kidogo. Akabana gurudumu kwa kidole gumba, akaniambia nikate kona. Mshale ulianguka kama umekatwa, ukapita 4, na ulipoikaribia 3 taa zikazimika. Nimeirudia mara tano kwa sababu nilitaka niione kwa macho yangu mpaka nishibe.

Maelezo ni haya. Mota inayozunguka inajizuia yenyewe kula umeme mwingi. Mota iliyobanwa isizunguke inakula wote inaoweza kupewa. Sevo yangu ya kwanza ya chuma, ikibanwa, nimeipima inavuta zaidi ya miliampea 700. Ile ya dijitali ilipita ampea 1, kwa kuwa sakiti yake huipiga mota msukumo mara nyingi zaidi kwa sekunde kuliko ile ya kawaida inayosubiri mapigo yake 50, na ndiyo sababu inashikilia kwa ukaidi. Umeme huo wote unatoka kwenye kibao kimoja kidogo ambacho ni risiva, ni kidhibiti cha mota kubwa, na ni mgawaji wa umeme wa sevo kwa pamoja. Kilitengenezwa kulisha sevo ya plastiki. Kikizidiwa volti zinashuka, risiva inazima, sevo inaachia, volti zinapanda, risiva inawaka. Ndizo zile sekunde mbili.

Alinipa kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 10, tukailehemu kwenye chanya na hasi karibu na sevo, mguu wa hasi upande wa hasi (ukiigeuza inavimba na kupasuka). Ilisaidia pale usukani unaposhtuka mara moja. Gurudumu likibanwa na kushikiliwa, haikusaidia, na haiwezi kusaidia: ni kama mtungi, ukiisha umeisha.

Mwezi 3, Jumatano

Dawa yenyewe ni kuilisha sevo kwa njia yake. Fundi aliniuzia kibao cha kushusha volti, milimita 22 kwa 17, kinachoandikwa kuwa kinafika ampea 3. Waya zake mbili za kuingia zimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Za kutoka zinakwenda kwenye chanya na hasi ya sevo. Kutoka risiva nimeacha waya wa amri na waya wa hasi. Ule wa chanya nimeukata na kuufunga kwa mpira wa kusinyaa.

Waya wa hasi lazima ubaki. Mpwa wangu aliuliza kwa nini, maana sevo imeshapata hasi yake kwenye kibao. Pigo la amri ni kimo cha volti kinachopimwa kutoka hasi. Risiva na sevo zisipokuwa na hasi moja, sevo haina pa kuanzia kupima, na itatetemeka ovyo au haitasikia kitu.

Kibao nimekirekebisha kabla ya kuunga sevo. Kina kiskrubu kidogo cha kuzungusha, na kinapotoka dukani kinaweza kuwa kimewekwa juu kabisa. Betri yangu ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4, na sevo ya volti 6 haitakiwi kuonja hizo. Nilikuwa nimepanga volti 6, nikaishia 5. Kibao cha kushusha kinahitaji kuingiziwa volti zaidi ya kinazotoa, na betri yangu ikielekea mwisho, mota kubwa ikivuta, inashuka hadi 6.5. Afadhali 5 zilizotulia. Nguvu iliyopungua nitaitafuta mahali pengine.

Gurudumu limebanwa, kona imekatwa, mshale umetikisika kidogo na kubaki. Taa hazikupepesa.

Mwezi 6, Jumamosi

Siku muhimu kuliko zote, na hatukutoka uani.

Kigari kilikuwa juu ya kopo, magurudumu hewani, hakuna jiwe wala mzigo. Mpwa wangu alikata kona hadi mwisho akashikilia, akatega sikio. "Mjomba, inalia." Ilikuwa inalia kweli, mvumo mwembamba kama mbu ndani ya chandarua. Nikaigusa sevo: ya moto. Hakuna kinachoizuia kwa nje, na bado inahangaika.

Nikakumbuka maneno yangu ya usiku wa kwanza. Pigo na potenshometa havikubaliani.

Tumeichomoa tairodi kwenye mkono wa sevo. Mvumo ukakata palepale. Kwa hiyo sevo ni nzima, tatizo liko mbele yake. Kisha nikayageuza magurudumu kwa kidole, sevo ikiwa haijaungwa. Kushoto yalikwenda. Kulia, kifundo cha gurudumu la kulia kiligoma katikati ya njia, kikaachia kwa mkwaruzo. Usukani wa kigari hiki, ukichomolewa tairodi, unatakiwa uanguke upande wowote kwa uzito wa magurudumu tu ukikilaza ubavu. Wangu ulibaki umesimama.

Skrubu ya kifundo hicho niliikaza mimi nilipokuwa nikivika vizito vya shaba. Niliikaza kama skrubu ya kufungia kitu, wakati yenyewe ni bawaba, inatakiwa ibane bila kuzuia. Ndani yake kulikuwa na mchanga mweupe wa matumbawe ulioganda kwa chumvi. Nimesafisha, nimerudisha skrubu, nimeilegeza robo mzunguko. Ili isijifungue nimeweka kitone cha rangi ya kucha kichwani. Gundi ya skrubu nimeiepuka makusudi, kuna plastiki inazozila zikapasuka.

Tukapata na la pili. Hata kifundo kikiwa huru, magurudumu yanafika mwisho wa safari yao kabla sevo haijafika mwisho wa yake. Gurudumu limegonga ukuta wa ekseli, sevo imeambiwa iende nyuzi kadhaa zaidi, basi inasukuma ukuta. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanya kwenye kila kona tangu kigari kinunuliwe.

Tiba iko sehemu mbili. Mkono wa sevo una matundu kadhaa. Tairodi ilikuwa kwenye tundu la milimita 10 kutoka katikati, nimeihamishia la milimita 7. Safari inapungua, na nguvu inaongezeka: kilo 1.8 kwa sentimita, kwenye milimita 10 ni kilo 1.8 za kusukuma tairodi, kwenye milimita 7 ni karibu kilo 2.6. Nilichokipoteza kwa kukubali volti 5 nimekipata hapa na zaidi, bila kununua kitu. Sehemu ya pili ni kile kitufe cha rimoti kinachopunguza kiasi cha kona. Shika kona hadi mwisho, kirudishe nyuma polepole mpaka mvumo ukate, weka alama kwa kalamu. Mpwa wangu ndiye aliyesikiliza, masikio yake ni mapya. Kulia mvumo ulikata mapema kuliko kushoto, ikabidi tufupishe tairodi kwa kuzungusha ncha yake nusu mzunguko, pande zikalingana.

Baada ya hapo nimeitoa sevo ya dijitali na kurudisha ile ya chuma niliyoihukumu bure. Haina kosa. Na naamini ile ya plastiki, kama kifundo kingekuwa huru na kona imewekewa mpaka, ingekuwa bado ina meno yake. Wenzangu wengi ushauri wao wa kwanza ni sevo kubwa zaidi. Siukubali tena. Sevo kubwa kwenye usukani uliobana inahamisha uvunjaji tu: leo gia, kesho tairodi, keshokutwa kifundo chenyewe, ambacho ni kigumu kupatikana kuliko vyote. Chomoa tairodi kwanza. Ni skrubu moja.

Mwezi 10, Jumatano

Magurudumu yanatetemeka yenyewe katikati, rimoti haijaguswa. Nilidhani potenshometa imechakaa, lakini nilipochomoa plagi ya risiva nikakuta meno yake yana kutu ya kijani. Hewa ya hapa ina chumvi hata mbali na maji. Nimesugua kwa mswaki na spiriti, nimekausha, mtetemo umekwisha. Nimepaka utepe wa grisi kuzunguka mhimili wa sevo pale unapotokea nje, maji yasipate njia. Ndani sijaweka; grisi ikiingia kwenye potenshometa inaharibu usomaji.

Mwezi 14, Jumapili

Raskazone. Saa tatu na nusu maji yamekupwa. Tumeutafuta ule ule ufa tukaupata, kuna kipande cha chupa ya buluu pembeni yake. Gurudumu la kulia likaingia. Mpwa wangu akakata kushoto, akahesabu hadi mbili, akaachia, akarudi nyuma kidogo, akakata tena. Kigari kikatoka. Hilo la kuachia nimemfundisha na sasa analifanya bila kukumbushwa.

Mzee wa pweza alikuwepo. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza, "Mkono umepona?" Nikamwambia umepona.

Betri mbili zimeisha, kigari hakikuzima hata mara moja. Sevo nimeigusa kila baada ya mpando: vuguvugu. Nyumbani nimekifuta kwa kitambaa cha maji baridi ya bomba, nimefungua vifundo vyote viwili na kutoa mchanga.

Kuna mchezo kidogo kwenye ncha ya tairodi ya kushoto, kama milimita moja, kigari kinayumba kikienda moja kwa moja kwenye saruji. Nimeagiza ncha mbili za chuma. Kapasita nimeiacha mahali pake.